Namba yake ina mtu mwingine, nami niko Nakivale: nimtafute wapi mchumba wangu?

Washauri wapendwa,

Nawasalimu nyote. Mimi ni msichana wa miaka 20, kwetu ni Goma, mtaa wa Ndosho, na sasa ni mkimbizi hapa Nakivale, Uganda. Nawaandikia kwa sababu ya kijana ninayempenda. Hatujasikiana tangu vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025.

Yeye ana miaka 23. Asili yao ni Sake, lakini vita vya 2024 viliwatoa huko, wakawa wanaishi kambini Mugunga, yeye, mama yake na wadogo zake wawili. Mchana alikuwa akitengeneza pikipiki Birere. Mimi na mama tulikuwa tukiuza unga karibu na hapo, na ndiko tulikojuana. Alishafika nyumbani kujitambulisha kwa baba mdogo, ila mahari ilikuwa bado haijazungumzwa.

Jumapili ya tarehe 26 jioni alinipigia akasema anakwenda Mugunga kumchukua mama yake, kisha watatufuata. Simu ikakatika tukiwa bado tunaongea. Sisi tulitoka kupitia Rutshuru hadi Bunagana, tukapokelewa Nyakabande, baadaye tukaletwa hapa. Njiani simu yangu iliibiwa pamoja na laini ya Kongo.

Namba yake naikumbuka kichwani. Miezi ya kwanza ilikuwa haipatikani. Sasa anapokea mama mmoja, anasema laini hiyo aliinunua dukani Goma na huyo kijana hamjui. Niliweka picha yake Facebook pamoja na majina yake yote na kwao, nikaomba aliyemwona anijulishe. Mwanaume mmoja akaniandikia kwamba yuko naye Burundi, anaumwa, na nikituma dola 50 za usafiri atamleta mpaka mpakani. Jirani yetu hapa naye anasema alisikia kwamba kijana huyo aliuawa Sake, lakini hakuona kwa macho.

Baba mdogo anasema nimwache marehemu apumzike. Kuna mwenye duka hapa anataka kunioa, na nyumbani wanamkubali. Mimi moyo wangu unanituma nirudi Goma nikamtafute mwenyewe.

Naomba mnisaidie. Kuna ofisi inayoweza kumtafuta mtu ambaye si mume wangu? Nitume hizo pesa? Nirudi? Na akipatikana, tutafanyaje ili tuwe pamoja? Jina langu msilitaje.

Wa Ndosho

---

Mdogo wetu,

Pole kwa yote yaliyokupata. Usitume hizo dola 50, na usirudi Goma. Tunaanza na hayo mawili kwa kuwa ndiyo yanayoweza kukuumiza kabla hata wiki haijaisha. Sababu zake tutazieleza mahali pake. Swali lako la kwanza lina jibu zuri: huduma ya kutafuta watu ipo, ni ya bure, na huhitaji kutoka Nakivale kuifikia.

Ila kabla ya kumtafuta yeye, angalia kwanza upande wako. Wewe unaijua namba yake, nayo ina mtu mwingine. Yeye anaijua namba yako, nayo iliibiwa. Kama yuko hai na anakutafuta, anapiga simu isiyo mikononi mwako. Ndivyo wapenzi wanavyopotezana vitani hata bila mmoja wao kukata tamaa: wote wanatafuta, na wote hawapatikani. Kwa hiyo nusu ya kazi yako ni kumtafuta, na nusu ya pili, ambayo watu huisahau, ni kujiweka mahali ambapo anayekutafuta atakukuta.

Pata laini yako mwenyewe, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha ukimbizi au kwa cheti cha familia mlichoandikishiwa na OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda inayosimamia wakimbizi. Usitegemee laini ya jirani au ya mwenye duka. Siku mwenye jina akiitaka, au mkikosana, namba inaondoka na kila uliyemwachia anabaki na tarakimu zisizo na kazi. Ukishaipata usiibadilishe, hata mtandao mwingine ukiwa na bando la bei rahisi. Itumie kila mwezi, hata kwa simu moja fupi, kwa sababu laini iliyokaa miezi kadhaa bila kutumika kampuni huizima, kisha huiuza upya.

Namba ya mchumba wako inaonekana ilipatwa na hilo hilo, na mama anayepokea huenda anakuambia kweli tupu. Namba kuuzwa upya hakusemi lolote juu ya uhai wa aliyekuwa nayo. Kunasema tu kwamba hakuitumia kwa muda mrefu, na aliyeibiwa simu, au anayeishi kijiji kisicho na mtandao wala umeme, hawezi kuitumia. Sasa fanya hivi: mpigie tena yule mama, umwombe radhi kwa usumbufu, umwachie namba yako mpya na jina moja tu la kukutambulisha. Mwombe kwamba mtu yeyote atakayepiga akimuuliza mwenye namba wa zamani ampe namba yako. Wewe ulipopoteza simu ulipiga namba iliyokuwa kichwani. Shangazi zake, rafiki zake wa gereji na wadogo zake watafanya vivyo hivyo. Huyo mama, bila kukusudia, ameketi kwenye njia panda yenu.

Facebook jina lako liache kama analolijua yeye, na picha iwe ya uso wako. WhatsApp ya laini ya zamani usiisubiri, maana akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na makundi yote hupotea nayo. Tafuta mtu mmoja wa kwaya, wa darasa au wa soko la Birere, akurudishe kwenye kila kundi ambalo wewe au yeye mlikuwamo. Na ukimtumia ujumbe kwenye namba ya zamani ukaona alama mbili, zinamaanisha umefika kwenye simu ya huyo mama. Tunalisema wazi kwa sababu kuna watu wanaokesha wakiziangalia alama hizo.

Sasa huduma yenyewe. Msalaba Mwekundu wa Uganda, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC), wana kazi ya kurudisha mawasiliano kati ya watu waliotenganishwa na vita. Ni kazi ya zamani. Ofisi ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa Basel, Uswisi, mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia, na ile ya Geneva iliyoanzishwa 1914 ilijaza kadi zipatazo milioni 7 za wafungwa wa vita. Njia haijabadilika sana: anayetafuta anaeleza, karatasi inavuka mpaka, na mtu wa kujitolea upande wa pili anakwenda kuuliza kijiji kwa kijiji. Muulize mtu yeyote wa kujitolea mwenye kizibao cha Msalaba Mwekundu hapo Nakivale siku ya kuwaona wahusika, na useme hivi: nataka kufungua ombi la kumtafuta mtu. Usiseme tu kwamba unataka msaada, utapelekwa kwenye foleni ya sabuni na mablanketi.

Kuhusu kutokuwa mume wako, sema ukweli mtupu. Huduma hii imejengwa juu ya familia, lakini afisa anasikiliza uhusiano wenyewe, haangalii cheti cha ndoa peke yake. Mweleze kwamba ni mchumba, alijitambulisha kwa baba mdogo, mahari bado. Usiandike "mume". Neno hilo moja likiingia kwenye karatasi litapingana na uandikishaji wako wa OPM na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ambako umeandikwa huna mume, na siku mtakapotaka kuwekwa pamoja litawageukia.

Kisha ongeza jina la pili kwenye ombi hilo: mama yake. Hapa ndipo tunapoona nafasi yako kubwa zaidi. Mama mwenye watoto huandikwa kila aendako: orodha ya chakula, kadi ya zahanati, shule ya wadogo zake. Kijana wa miaka 23 katika nchi yenye vita hukwepa orodha, kwa sababu makundi yenye silaha huwatafuta vijana wa umri huo. Anaweza kulala nyumba tatu tofauti kwa mwezi na asiandikwe popote. Alikuambia anakwenda kumchukua mama yake. Ukimpata mama, umefika karibu sana na mtoto.

Kabla ya kwenda, kaa chini na daftari. Andika majina yake yote matatu kwa utaratibu wa Kongo, jina, postnom (jina la pili) na prénom (jina la ubatizo), na jina la utani la gereji. Kila jina liandike kwa namna zote linavyoweza kuandikwa, kwa "ou" ya Kifaransa na kwa "u" yetu, kwa "ch", "sh" na "tsh", kwa L na kwa R. Karani wa Burundi, wa Rwanda na wa Uganda wakisikia jina moja wanaweza kuliandika kwa namna tatu, na utafutaji unaweza kufa kwa herufi moja. Andika jina la baba yake hata kama ni marehemu, na la mama yake, maana vijana wenye majina yanayofanana na wa rika moja ni wengi Kivu, na wazazi ndio wanaowatofautisha. Mwaka wa kuzaliwa, hata wa kukadiria. Asili yake iandike mpaka chini: Sake, groupement ya Kamuronza, chefferie ya Bahunde, territoire ya Masisi. Makazi ya mwisho: Mugunga, commune ya Karisimbi, na sehemu ya kambi kama unaijua. Mahali pa kazi: Birere, gereji ya nani, karibu na nini. Tarehe na saa ya simu ya mwisho, na maneno aliyosema. Makovu, meno, urefu, alichokuwa amevaa kama unajua. Kanisa lake. Majina ya watu watatu wanaomfahamu na mahali walipokuwa.

Utapewa namba ya ombi lako. Iandike sehemu mbili, moja iwe kwa mama yako. Usifungue ombi jingine kila unapokutana na shirika jipya. Maombi matatu yenye tahajia tatu yanaweza kuonekana kama ni watu watatu wanaotafutwa. Fungua moja, kisha uliboreshe. Ukikumbuka jambo rudi ukaongeze, na ukibadilisha namba au ukihamia eneo jingine la Nakivale, pita ofisini siku hiyo hiyo. Wapo wanaotafutiwa mtu wao mpaka akapatikana, kisha aliyeleta ombi ndiye anayekosekana.

Siku hiyo hiyo ulizia pia barua ya Msalaba Mwekundu. Ni fomu fupi isiyofungwa kwenye bahasha, inayobebwa kwa mkono hata mahali pasipo na mtandao. Kwa kuwa iko wazi na inapita kwenye vizuizi vya watu wenye silaha, inabeba habari za familia tu. Usitaje jeshi, kundi, njia mliyopita, nani anashika mji gani, wala nani alifanya nini. Sentensi moja ya aina hiyo inaweza kuizuia barua, au kumtia matatani aliyeibeba na atakayeipokea. Mwandikie mama yake, ipelekwe Sake, kwa jina lake na la mtaa. Inaweza kuwa hivi: "Mimi ni mzima. Niko Nakivale, Uganda, na mama na baba mdogo. Simu yangu iliibiwa, namba mpya ni hii. Ninyi mko wapi, na wadogo wanaendeleaje? Kama kijana wenu yuko nanyi, mwambieni namuulizia. Kama hawezi kuja, aniandikie tu kwamba yupo." Jibu huchukua wiki, mara nyingi miezi. Kimya cha mwezi mmoja kwenye njia hiyo ni cha kawaida.

Jambo moja ulijue mapema lisije likakushtua: akipatikana, ataulizwa kwanza kama anakubali wewe ujue alipo. Akikataa hutapewa anwani. Ndivyo ilivyo pia kwa UNHCR, hawatakusomea orodha ya kambi nyingine. Usiwakasirikie. Sheria hiyo hiyo inakulinda wewe dhidi ya yeyote anayeweza kukutafuta kwa nia mbaya.

Wakati karatasi inasafiri, fikiri anakoweza kuwa. Februari 2025, baada ya Goma kuchukuliwa, waasi wa M23 waliwaamuru waliokuwa kambi za magharibi mwa mji, kama Bulengo, waondoke kwa siku chache tu, na kambi hizo zikabaki tupu. Familia nyingi zilirudi zilikotoka, Sake na vijiji vya Masisi, na kukuta nyumba zimebomolewa na mtandao ukiwa wa shida. Kwa familia yenye asili ya Sake hiyo ndiyo njia tunayoiona kuwa ya kwanza, nayo inaeleza ukimya wake bila kuhitaji kifo. Njia ya pili ni ya kusini, kwa ziwa hadi Bukavu kisha bonde la Ruzizi na kuvuka kuingia Burundi, ambako mwanzoni mwa 2025 maelfu walilala kwenye uwanja wa Rugombo, Cibitoke, kabla ya wengi kupelekwa kambi ya Musenyi. Ya tatu ni Rwanda kupitia Rubavu na kituo cha Nkamira. Na inawezekana alifuata njia yenu ya Bunagana akafika Nyakabande baada yenu, kisha akapangiwa makazi mengine ya Uganda.

Popote alipo, ana ufundi mkononi. Fundi pikipiki aliyepoteza kila kitu hutafuta mahali pikipiki zilipo nyingi, maana huko atapewa spana ya kuazima na chakula cha mchana. Kwa hiyo uliza kwa njia ya kazi yake. Mtafute bosi wake wa Birere au kijana aliyekuwa naye gereji, umuulize wenzao walitawanyikia wapi. Wauza vipuri wanajuana kutoka mji hadi mji, na madereva wanaotembea kati ya Goma na Bunagana wanapita Rutshuru. Mwambie kila mmoja jina lake la utani na namba yako, basi. Kanisa lake pia ni mlango: katekista au mchungaji wa Sake anajua nani amerudi na nani hajarudi.

Kuna ujanja mdogo unaofaa hapa. Ukipewa namba mpya inayosemekana ni yake, mtu aliye Goma aanze kutuma kiasi kidogo kwa pesa za simu. Mitandao inayoonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha itamwonyesha laini imesajiliwa kwa nani, kisha aghairi bila kutuma kitu. Jina likiwa jingine kabisa si ushahidi kwamba ni tapeli, wengi hutumia laini za ndugu. Likiwa lake, umepata uzi wa kuvuta.

Sasa yule wa Burundi. Wewe mwenyewe ulimpa kila alichohitaji ulipoweka picha, majina yote na kwao. Anayekutana na tangazo kama hilo hahitaji kumjua mchumba wako hata kidogo. Mwambie hivi: hutatuma pesa kabla hujaongea na mchumba wako mwenyewe kwa sauti, naye akuambie jambo ambalo halimo kwenye tangazo, kwa mfano siku mlipojuana mama yako alikuwa akipima unga kwa kopo la namna gani. Kusema anaumwa hawezi kuongea, kutuma picha ile ile ya Facebook, kukuhimiza utume leo kabla ya gari kuondoka, hizo ni dalili za mwizi. Hakuna mpaka unaovukwa kwa dola 50 zilizotumwa kwa mtu usiyemjua. Na Msalaba Mwekundu na UNHCR hawatozi chochote, kwa hiyo anayetaja mashirika hayo kisha akataja pesa hatoki huko.

Tangazo lenyewe liondoe leo. Mbali na wezi, linaweza kumhatarisha. Kijana wa Sake anayetafutwa kwa jina na picha mbele ya watu wote anaweza kushukiwa na upande wowote kwamba alikuwa mpiganaji wa upande mwingine. ICRC wana ukurasa wao wa kutafuta watu uitwao Trace the Face, ulioanzia kwa wahamiaji waliopotezana njiani kuelekea Ulaya, na humo picha inayowekwa ni ya anayetafuta. Anayetafutwa haonyeshwi. Fuata utaratibu huo: weka picha yako, andika "natafuta marafiki wa Birere na Mugunga, niko salama, niandikieni ndani". Usitaje kijiji chenu cha Nakivale. Yeye akiiona picha yako atajua. Na daima bakiza jambo moja usilolitaja popote nje ya ombi lako la Msalaba Mwekundu, kovu kwa mfano, liwe kipimo kwa kila atakayekuja na habari.

Habari ya kifo ipime kwa uzito wake. Muulize jirani, kwa upole: alisikia kwa nani, huyo aliona au naye alisikia, ilikuwa mwezi gani, mahali gani, nani alizika? Angalia tarehe. Sake ilikuwa vitani siku kadhaa kabla ya simu yenu ya tarehe 26, na kama kifo kinachosimuliwa ni cha kabla ya hapo, si chake, maana uliongea naye. Kama majibu yana mashiko, yapeleke kwa afisa wa ombi lako. Baada ya mapigano ya Goma watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo walizika miili mingi, na mingine ilizikwa bila jina, ndiyo maana tulikuambia uandike meno, makovu na nguo. ICRC hufika pia hospitali na magereza. Mpaka hapo, hakuna aliye na haki ya kumwita marehemu, hata baba mdogo, na tunasema hivyo kwa heshima zote kwake.

Kurudi Goma tunakukataza kwa sababu tatu. Ukiwa njiani, wewe ndiye utakayekuwa umepotea, na barua ikija haitakukuta. Uhakiki wa wakimbizi ukipita usipokuwepo, kadi yako inaweza kusimamishwa, na kurudi kwa hiari katika nchi uliyoikimbia kunaweza kuibua maswali juu ya hadhi yako. Ya tatu unaijua: barabara ile kwa msichana peke yake. Watu wawili wanaotafutana, mmoja lazima atulie, na wewe ndiye uliye mahali penye amani.

Kuhusu mwenye duka, usikubali ndoa ili kuyakimbia maumivu ya kusubiri, wala usimtumie mchumba wako kama kinga ya kumkataa. Kama humtaki, humtaki, hata kama yule hatapatikana kamwe. Maneno haya usiyapeleke kwa baba mdogo peke yako. Mtume mama yako au shangazi akuzungumzie, naye aombe jambo linaloeleweka: muda, kwa kuwa kuna ombi limefunguliwa rasmi na jibu halijaja. Wakikushurutisha, nenda kwa wahudumu wa ulinzi wa wanawake hapo Nakivale, wanasikiliza kwa siri.

Swali lako la mwisho lina jibu lenye kona. Msalaba Mwekundu huwarudishia watu wazima mawasiliano. Kusafirishwa na kukabidhiwa ni kwa watoto waliopotezana na wazazi na wachache wenye hali ngumu sana. Akiwa kwenye makazi mengine ya Uganda, mambo ni mepesi: sheria ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kutembea nchini, anaweza kuja kukuona, na baadaye mkaomba OPM wamhamishie Nakivale. Akiwa Kongo na akataka kuja, apite mpaka rasmi, aandikishwe Nyakabande, aseme palepale kwamba ana mchumba na wakwe Nakivale na aombe kupelekwa huko. Akiwa Burundi, Rwanda au kambini Nyarugusu, Tanzania, kuhamia Uganda kama mchumba ni vigumu, kwa sababu uchumba hauhesabiwi kama ndoa katika taratibu za kuunganisha familia. Hapo mtaanza kwa simu, wazee wataongea na wazee, na hatua ya ndoa itaamua hatua ya makaratasi. Kumbuka pia kwamba mtu aliyepita vitani hurudi na mambo yake: anaweza kuwa ameumia, anaweza kuwa na mtu mwingine, anaweza kuona aibu kwamba hakuwafuata kama alivyosema. Simu ya kwanza usiulize hayo. Muulize amekula, mama yake yuko wapi, na ana simu ya nani.

Na siku mkipatana kwa njia yenu wenyewe, kwa fundi wa Birere au kwa yule mama mwenye namba, rudi ofisini na namba ya ombi lako ukalifunge. Usipolifunga, kuna mtu wa kujitolea Masisi atakayeendelea kupita nyumba kwa nyumba, kwenye barabara zile, akiuliza jina lake.